Gari Linachemsha? Usimfukuze Bawabu



Mwezi huu ukurasa wetu wa ufundi unazungumzia gari linalochemsha. Bila shaka umewahi kuliona. Gari limesimama kando ya barabara. Boneti imefunguliwa. Mvuke unatoka. Abiria wamekaa chini ya mti. Utingo amekwenda mtoni na dumu kutafuta maji.

Halafu anakuja fundi. Anasema, "Tatizo ni themostati. Nchi yetu ni ya joto. Kifaa hiki ni cha nchi za baridi. Tukitoe." Anakitoa na kukitupa. Gari linaondoka. Watu wanamsifu fundi.

Mimi pia nilikuwa fundi wa namna hiyo. Leo nitaeleza kosa langu ili wewe usilirudie.

KOSA LANGU

Miaka mingi iliyopita nilikuwa fundi katika kijiji kimoja chini ya mlima Kitonga, mkoa wa Iringa. Kijiji kilikuwa na pikapu moja. Pikapu hiyo ilipeleka vitunguu sokoni na kuleta mbolea. Pia ilipeleka wagonjwa hospitali.

Siku moja gari lilianza kuchemsha. Dereva, mzee wa makamo, aliniletea. Aliniambia, "Kijana, liangalie vizuri. Gari hili halijapata kunisumbua."

Sikuliangalia vizuri. Nilitoa themostati nikaitupa. Wiki kadhaa zilipita, na gari halikuchemsha. Nilijiona bingwa.

Usiku mmoja mama mjamzito alishikwa na uchungu. Alipakiwa garini pamoja na mama mkwe wake. Gari lilianza kupanda Kitonga. Katikati ya mlima maji yalichemka, injini ikazima, wala haikuwaka tena. Walikaa gizani muda wa saa mbili. Kwa bahati njema lori moja liliwachukua. Mama alijifungua salama hospitalini.

Waliporudi, yule mama mkwe alinijia. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, ungesema hujui, tungemtafuta anayejua." Maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Tulipoifungua injini tulikuta hedi imepinda na gasketi yake imeungua. Tukaichunguza rejeta. Ndani ilikuwa imejaa kutu na matope. Mirija mingi ilikuwa imeziba. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Themostati niliyoitupa haikuwa na kosa.

Mbona basi gari halikuchemsha kwa wiki kadhaa? Kwa sababu lilikuwa likienda tambarare na mzigo mdogo. Lilipopewa kazi ya mlima, ugonjwa ulijitokeza. Nilikuwa nimempa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu, lakini sikumtibu. Kijiji kilitumia fedha za mavuno kutengeneza injini ile.

MAJI HUPOZAJE INJINI?

Ndani ya injini mafuta huwaka. Moto wake ni mkali sana. Kama joto hilo halitaondolewa, chuma kitapinda na injini itakufa.

Kwa hiyo kuna maji yanayozunguka ndani ya injini. Pampu ya maji huyasukuma. Maji huchukua joto la injini na kupita katika mpira wa juu. Yanaingia katika rejeta. Rejeta ina mirija mingi myembamba. Feni huvuta upepo katikati ya mirija hiyo, na maji hupoa. Kisha maji hurudi katika injini kwa mpira wa chini. Safari huanza tena.

Themostati ni mlango mdogo katika njia hiyo. Ni kama bawabu. Injini ikiwa ya baridi, bawabu hufunga mlango. Maji huzunguka ndani ya injini tu, na injini hupata joto upesi. Joto likifika kiasi kinachotakiwa, bawabu hufungua mlango. Maji ya moto huenda kwenye rejeta kupoa.

Bawabu huyu hajui saa wala hana umeme. Ndani yake mna nta maalumu katika kikopo kidogo. Nta ikipata joto huyeyuka na kutanuka. Ikitanuka husukuma mlango. Ikipoa hunywea, na springi hurudisha mlango mahali pake.

JE, NCHI YA JOTO HAIHITAJI THEMOSTATI?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tufanye hesabu.

Mchana wa joto Dar es Salaam huweza kufika nyuzi 32 za Sentigredi. Sisi tunatoka jasho. Lakini themostati nyingi huanza kufungua mlango kwenye nyuzi 82 hivi. Injini haifanyi kazi vizuri chini ya hapo. Kwa injini, hata Dar es Salaam ni mahali pa baridi!

Injini isiyopata joto la kutosha hula mafuta mengi. Mafuta yasiyoungua vizuri huteremka na kuchanganyika na oili. Oili huharibika. Silinda huliwa upesi. Hasara hiyo hailii kelele, lakini ipo kila siku.

Kuna jambo jingine. Katika magari mengi themostati ikifungua njia ya rejeta, hufunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi. Maji mengine ya moto yatarudi katika injini bila kupita kwenye rejeta. Basi gari linaweza kuchemsha zaidi mlimani.

HATARI! USIFUNGUE MFUNIKO WA MOTO

Kabla ya ufundi wowote, soma hapa mara mbili.

Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 pwani. Mahali pa juu kama Mbeya huchemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi. Lakini mfuniko wa rejeta hubana maji kwa nguvu. Maji yaliyobanwa huweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko ghafla, maji hayo hugeuka mvuke mara moja. Yanaruka usoni na kifuani. Watu wameungua vibaya, na wengine wamepoteza macho.

Kwa hiyo gari likichemsha fanya hivi:

1. Simamisha gari mahali salama. Zima injini.

2. Usifungue mfuniko. Ngoja nusu saa au zaidi. Gusa mpira wa juu kwa uangalifu. Kama ni wa moto au ni mgumu, endelea kungoja.

3. Ukipoa, funika mfuniko kwa kitambaa kinene. Weka uso mbali. Uzungushe kidogo tu, hewa itoke. Kisha ufungue wote.

4. Usimimine maji baridi katika injini ya moto. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinaweza kupasuka. Usiimwagie injini maji kwa nje pia.

LIULIZE GARI MASWALI

Fundi mzuri ni kama mganga mzuri wa hospitali. Hatoi dawa kabla ya kupima. Yafuatayo ni maswali saba. Uliza moja baada ya jingine. Anza na jambo rahisi.

Swali la 1: Maji yapo? Angalia injini ikiwa ya baridi. Kama yamepungua, yamekwenda wapi? Tafuta mahali palipolowa. Angalia mipira yote na chini ya rejeta. Angalia pia chini ya pampu ya maji. Pampu iliyochoka hudondosha maji.

Swali la 2: Mkanda wa feni umekaza? Zima injini. Bonyeza mkanda kwa dole gumba, katikati. Katika magari mengi unatakiwa kubonyea kiasi cha sentimita 1. Ukilegea sana, pampu na feni hazizunguki vizuri. Kama umepasuka, nunua mwingine.

Swali la 3: Feni inazunguka? Gari likichemsha wakati limesimama au linakwenda polepole, lakini linapoa likikimbia, ishuku feni. Likikimbia, upepo wa barabara hufanya kazi ya feni.

Swali la 4: Rejeta ni safi? Angalia nje. Mara nyingi mna majani, matope na wadudu. Safisha kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Usitumie nguvu nyingi, mapezi yake ni laini. Kisha angalia ndani. Ukiona maji ya rangi ya kutu na matope, rejeta inahitaji kusafishwa. Gari linalochemsha mlimani tu, au likibeba mzigo, mara nyingi lina rejeta iliyoziba. Hili ndilo swali ambalo mimi sikuliuliza.

Swali la 5: Mfuniko ni mzima? Angalia mpira wake na springi. Mpira ukipasuka, mfuniko haubani tena. Maji huchemka mapema na kumwagika. Usiweke mfuko wa plastiki badala ya mpira. Nunua mfuniko wenye namba ileile.

Swali la 6: Bawabu anafanya kazi? Washa injini ikiwa ya baridi. Gusa mpira wa juu mara kwa mara. Jihadhari na feni, na usivae nguo zinazoning'inia. Kwa kawaida mpira hubaki wa baridi kwa dakika kadhaa. Halafu hupata moto ghafla. Hapo bawabu amefungua mlango.

Kama geji inaonyesha joto kali lakini mpira bado ni wa baridi, huenda mlango umekwama ukiwa umefungwa. Kama mpira unapata uvuguvugu tangu mwanzo, na injini inachelewa sana kupata joto, mlango umekwama ukiwa wazi. Au kuna fundi aliyekwisha kuitoa themostati! Katika magari mengine themostati iko upande wa mpira wa chini. Hapo mpira wa chini ndio unaobaki wa baridi.

Swali la 7: Gasketi ya hedi ni nzima? Dalili za kuharibika ni hizi. Mapovu hutoka katika rejeta bila kukoma. Moshi mweupe mwingi hutoka hata injini ikiwa ya moto. Maji hupungua lakini huoni yanapovuja. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona dalili hizi, usiendeshe gari. Mwite fundi mwenye ujuzi.

PIMA THEMOSTATI KATIKA SUFURIA

Huhitaji kubahatisha. Themostati hupimwa kwa moto wa jikoni.

Chukua sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula tena. Tia maji. Itazame themostati ikiwa ya baridi. Mlango wake unatakiwa kufungwa kabisa. Ifunge uzi na uitumbukize majini. Isiguse chini ya sufuria. Kisha chemsha maji.

Kama una kipima joto, tazama. Themostati iliyoandikwa 82 inatakiwa kuanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Kwenye nyuzi 95 nyingi huwa zimefunguka milimita 8 au zaidi. Hiyo ni kama unene wa kalamu ya risasi.

Kama huna kipima joto, ngoja maji yachemke. Mlango unatakiwa uwe umefunguka vizuri. Ukikaa mahali pa juu kama Mbeya, huenda usifunguke mpaka mwisho, kwa sababu maji huchemka kabla ya nyuzi 95. Lakini lazima ufunguke. Kisha itoe ipoe. Lazima ujifunge tena.

Isipofunguka, imekufa. Isipojifunga, imekufa. Haitengenezwi. Nunua mpya.

KUBADILI THEMOSTATI

Nenda dukani na ile ya zamani. Linganisha ukubwa na namba ya joto iliyochapwa juu yake. Usinunue ya namba ndogo kwa kudhani itapoza zaidi. Haitatibu rejeta iliyoziba. Nunua na gasketi yake.

1. Hakikisha injini imepoa kabisa.

2. Fungua koki ya chini ya rejeta. Kinga maji katika chombo safi. Kama maji yana kulanti, yaweke mbali na watoto na mifugo. Aina nyingi za kulanti ni sumu, nayo ina ladha tamu.

3. Fuata mpira wa themostati mpaka kwenye injini. Utaona nyumba ndogo ya chuma yenye boliti 2 au 3. Zifungue.

4. Kabla ya kuitoa themostati, tazama ilivyokaa. Kwa kawaida upande wenye springi huelekea ndani ya injini. Ukiigeuza, gari litachemsha. Kama ina kitundu chenye kipini kidogo, kwa kawaida hukaa juu ili hewa ipite.

5. Kwangua mabaki ya gasketi ya zamani. Usiache vipande viingie ndani.

6. Weka themostati mpya na gasketi mpya. Kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo. Usikaze kupita kiasi, nyumba hiyo hupasuka.

7. Funga koki. Jaza maji polepole. Washa injini mfuniko ukiwa wazi. Hewa itatoka kwa mapovu, na maji yatashuka. Ongeza. Mpira ukipata moto na mapovu yakikoma, jaza na ufunge mfuniko.

8. Endesha kwa muda mfupi. Tazama geji. Gari likipoa kabisa, pima maji tena.

Tumia maji safi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa kuliko maji ya chumvi ya kisima. Maji ya mtoni yana udongo, na udongo huziba mirija. Ni bora kuchanganya na kulanti kama kopo lake linavyoelekeza. Kulanti huzuia kutu. Ukilazimika njiani kutia maji ya mtoni, yamwage ufikapo nyumbani, na utie maji safi.

NENO LA MWISHO

Themostati ni kitu kidogo. Hujaa kiganjani. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya hedi. Lakini jambo kubwa si bei. Gari la kijiji hubeba mbegu zetu, mazao yetu na wagonjwa wetu. Siku ya kuhitajika haipigi hodi.

Basi fundi akikuambia, "Tuitoe tu," mwulize, "Umepima?" Akisema hapana, mwombe apime kwanza. Nawe fundi kijana, usione aibu kusema, "Sijui, ngoja nichunguze." Mimi niliona aibu, na mama wa watu akakaa gizani mlimani.

Maneno ya kukumbuka

Bawabu: mlinzi wa mlango.
Rejeta: kifaa cha kupozea maji mbele ya injini.
Hedi: kifuniko cha chuma cha juu ya injini.
Gasketi: kitu chembamba kinachozibia katikati ya vyuma viwili.
Kulanti: dawa ya maji ya rejeta.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ni hatari kufungua mfuniko wa rejeta ya moto?
2. Gari linachemsha likipanda mlima tu. Utachunguza nini?
3. Themostati ya zamani utaipimaje?
4. Upande wenye springi huelekea wapi?
5. Je, katika kijiji chenu kuna gari lisilo na themostati? Ni nani aliyeitoa, na kwa nini?

Jadilini maswali haya pamoja. Ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili naye asome.